Shairi la Milango Kumi na Sita

Ilikuwa mwaka wa 2023, mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zilipoanza kunyesha Nairobi kwa nguvu ambayo watabiri wa hali ya hewa walikuwa wametuahidi tangu Agosti. Katika ploti yangu ya vyumba vya kupangisha huko Kabiro, Kawangware, maji yalipita katikati ya korido mchana kutwa, kana kwamba nayo yamepanga chumba.

Jumatatu moja mjukuu wangu Tracy aliingia soksi zikiwa zimelowa, akatua mkoba juu ya meza, akasema:

"Cucu, tumepewa homuweki mimi na wewe."

"Salamu kwanza."

"Sasa, Cucu."

"Hiyo si salamu."

"Hujambo, Cucu?"

"Sijambo. Vua soksi. Tumepewa nini?"

Mzazi yeyote wa siku hizi anaifahamu kazi ya namna hiyo. Mtaala mpya humtuma mtoto nyumbani na jambo la kufanya, na jambo hilo humtaka mtu mzima atafute maboksi, mbegu, gundi na kamba wakati chakula kiko jikoni. Binti yangu Mumbi na mumewe Dalmas wanafanya kazi Mombasa. Kwa hivyo mtoto hukaa kwangu siku za shule, na Jumamosi na Jumapili hukaa Lindi, Kibera, kwa Mildred, mama yake Dalmas, mkaanga samaki, ambaye mtoto humwita Dani kama wanavyowaita bibi zao watu wa Ziwani; kwetu sisi bibi ni Cucu. Mtu mzima wa Jumatatu hiyo nilikuwa mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunga shairi ambalo maneno yake yanachora picha.

"Kama ni shairi la mwavuli," alieleza Tracy, "maneno yanajipanga yanakuwa mwavuli. Ukiwa mbali unaona mwavuli. Ukikuja karibu unasoma."

"Ukija."

"Ukija karibu unasoma. Na kichwa ni *Kwetu*. Yote yatabandikwa kwa ukuta wa holi Jumatatu ijayo, na wazazi watakuja."

Kisha, akivua soksi ya pili, akaongeza kwa sauti ya chini: "Nataka yangu itoke poa kabisa. Ndio Kinyanjui aache."

Nilimuuliza aache nini. Ilinibidi niulize mara mbili. Kinyanjui ni mwanafunzi mwenzake wa Gredi ya Sita, anayeketi nyuma yake. Alikuwa amemuuliza kwao ni wapi, naye akajibu Kawangware. Akamuuliza mbona basi wikendi haonekani Kawangware, naye akasema huwa Kibera. Ndipo Kinyanjui akatangaza mbele ya darasa kwamba Tracy hana kwao, ni kama laini ya simu iliyotoka nje ya nchi, kila mahali inaazima mtandao wa wenyewe. Tangu siku hiyo jina lake likawa Roaming. Roaming, leta kifutio. Roaming, umefika lini?

"Na sasa kichwa cha shairi ni *Kwetu*," Tracy alisema. "Nisipoandika poa, watasema, si unaona, hata hajui kwao."

Hakulia. Alikamua soksi ndani ya karai, akaianika.

Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimekwisha kuitunga kazi hiyo. Ushairi niliufundishwa na walimu wa zamani, nami nikaufundisha hadi nilipostaafu: mshororo mmoja una mizani kumi na sita, nane katika kipande cha kwanza, ambacho huitwa ukwapi, na nane katika kipande cha pili, ambacho huitwa utao. Kati ya vipande hivyo pana nafasi, upana wa kidole. Vina vya kati vilingane, na vya mwisho vilingane. Niliandika beti tatu kuhusu Kawangware: jinsi Kabiro ilivyokuwa mashamba ya mahindi, jinsi marehemu mume wangu Muiruri alivyochimba msingi wa chumba cha kwanza, jinsi mji ulivyotufuata mpaka mlangoni. Sikuona dosari.

Tracy alisoma akiwa ametia penseli kinywani.

"Ni poa, Cucu. Lakini ni boksi."

"Ni shairi."

"Ni shairi la boksi. Angalia. Mistari yote iko sawasawa. Mimi nilitaka nyumba yenye paa. Juu kabisa iwe neno moja, halafu mawili, halafu yanazidi yakishuka."

"Neno moja halitoshi kuwa mshororo."

"Sasa paa itakaa aje?"

Tulijaribu. Alichora nyumba kwa penseli, nami nikayamimina maneno yangu ndani yake. Jina la Kawangware likakatika kwenye paa: *Kawa* likabaki juu ya vigae, *ngware* likaangukia dirishani. Kina kimoja kilijikuta nje, karibu na mlango, peke yake. Nilimwambia kwamba mtu asiyeziheshimu mizani hana budi kuyaona hayo. Tracy aliipeleka kazi shuleni Jumatano, na Alhamisi akarudi nayo.

Mwalimu Nasike, mwalimu wao wa Kiswahili, alinitumia ujumbe katika simu: "Mwalimu, shairi ni zuri sana. Lakini sijamsikia Tracy ndani yake, na nyumba imechorwa kwa penseli, haikuchorwa kwa maneno. Nimemwachia nafasi yake ukutani. Anaweza kuleta jingine Jumatatu asubuhi." Niliusoma ujumbe huo mara kadhaa nikitafuta kosa. Sikuliona.

"Basi Jumatatu itakuwa nafasi tupu," Tracy alisema. "Kinyanjui ataandika hapo Roaming."

Ijumaa alasiri mvua ilipumzika kidogo. Tracy alipanda juu ya paa la saruji yanapokaa matangi ya maji, mahali tunapoanika nguo, ili aziteremshe kabla mawingu hayajarudi. Mara nikamsikia akipiga kelele.

"Cucu! Kuja uone! Kuja haraka!"

"Njoo uone," nilisema, nikapanda. Magoti yangu hayapendi ngazi ile.

Nilimkuta amesimama ukingoni, nguo zikiwa bado kwenye kamba, karatasi ya kwanza ya shairi langu, ile ya boksi, ameinyoosha mbele ya macho. Alinisogeza kwa bega mpaka nikasimama pale pale alipokuwa amesimama yeye.

"Angalia karatasi. Sasa angalia chini. Sasa karatasi tena."

Chini yetu palikuwa na ploti yangu. Vyumba vinane upande wa kushoto, vyumba vinane upande wa kulia, milango ikitazamana, na katikati korido yenye mfereji wa maji. Mpangaji mmoja alikuwa akisukuma maji kwa ufagio. Katika karatasi palikuwa na maneno upande wa kushoto, maneno upande wa kulia, na katikati ile nafasi yenye upana wa kidole.

"Umechora ploti," Tracy alisema. "Hukujua, lakini umeichora. Boksi lako ni ploti! Tukibaki na beti mbili, ni mistari nane. Kila mstari ni chumba huku na chumba kule."

Nilizitazama zile safu mbili za vyumba kwa muda. Maisha yangu yote nimeiacha nafasi ile kati ya ukwapi na utao kwa sababu niliambiwa niiache. Nilifurahi kuliko nilivyotaka aone, kwa hiyo nilimwambia ateremshe nguo.

"Upande huu Kawangware," aliendelea huku akivuta vibanio, "upande ule Kibera. Kwa Cucu, kwa Dani. Kinyanjui aone ni ploti moja."

"Vyema sana. Ninakwenda kuziandika pande zote mbili sasa hivi."

Tracy alitikisa kichwa. "Huwezi, Cucu. Kwa Dani hujawahi kuingia."

Ilikuwa kweli. Mimi na Mildred tulikutana siku ya kupeleka mahari, tukakutana harusini, tukakutana mtoto alipobatizwa. Kila mara tuliketi meza ya mbele, tukala pilau, tukaulizana habari za kazi na za mvua. Kila Jumamosi asubuhi tulikutana kituoni Dagoretti Corner, nikamkabidhi mtoto, kila mmoja akageukia kwake. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa na heshima tu, na heshima ikirundikana sana huwa ukuta.

Niliteremka, nikapiga simu.

"Mama Dalmas, hujambo?"

"Mwalimu! Kuna nini? Mtoto ni mgonjwa?"

"Mtoto ni mzima kabisa. Nimepiga kukuuliza habari za nyumba yako."

"Nyumba yangu? Kwani serikali inabomoa?"

Nilimweleza jambo lenyewe tangu mwanzo: shairi, ukuta wa holi, yule mvulana na jina lile. Aliposikia neno Roaming alinikatiza.

"Huyo kijana anaitwa nani?"

"Kinyanjui. Ana miaka kumi na mmoja, Mama Dalmas."

"Sawa. Unataka nini kutoka kwangu?"

"Vipande vinane vya maneno kuhusu kwako. Kila kipande mizani nane."

"Mizani? Mwalimu, mimi omena napima na mkebe."

"Silabi nane. Nitakuonyesha. Unaweza kunitajia hata kwa simu."

"Kwa simu sitaweza. Nikiongea na wewe kwa simu nasikia kama niko kortini. Nakuja kesho."

"Kesho ni Jumamosi. Ndiyo siku yako kubwa ya biashara."

"Najua ni Jumamosi," Mildred alisema. "Boaz wa kibanda cha pili atafurahi sana. Nakuja."

Alifika asubuhi akiwa amevaa gambuti, mwavuli umevunjika ubavu mmoja, na mkononi samaki waliofungwa katika gazeti. Mtu anayekaanga samaki Lindi asipofungua Jumamosi, wateja hawamngoji; huhamia kwa jirani, na wengine hawarudi. Nililijua hilo, naye alijua kwamba ninalijua, lakini hakulitaja. Alikung'uta mwavuli, akamkumbatia mjukuu wetu, akaketi kwenye meza yangu ya chakula, akakunja mikono ya sweta.

"Haya. Nifundishe hizo nane."

Nilimwambia atuambie tu anachokiona asubuhi akifungua mlango. Alisema. Alianza na omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juu ya bati, akaingia kwa paka wa jirani, akapita kwa redio ambayo kila mtu katika ploti yao husikiliza ingawa mwenyewe ni mmoja, akafika kwenye karai la mafuta. Tracy aliandika mpaka akafungua ukurasa mwingine. Mimi nilihesabu kwa vidole juu ya meza.

"Sema kuhusu samaki," nilimwomba.

"Samaki wa Dani nitakukaangia vizuri mpaka useme asante."

"Hiyo ni ndefu."

"Ni fupi, Mwalimu. Nimetoa mambo mengi."

Tuliipunguza hadi ikawa *Samaki nikukaangie*. Tracy aliiandika, akaitazama, akacheka.

"Cucu, hiki chumba kimetoboa ukuta. Silabi moja imeingia kwa jirani."

"Kwa Githinji?" nilisema. "Ifuteni upesi, nitashtakiwa."

Githinji ndiye mwenye ploti ya nyuma, na mpaka wetu una historia yake. Mildred alicheka hadi akaegemea kiti, akanipiga begani kwa kiganja. Nakiri kwamba sikuwa nimezoea kupigwa begani. Halafu akaacha kucheka, akaanza kupiga makofi polepole. Yeye ndiye anayeongoza kwaya ya akina mama kanisani kwao, na makofi hayo yalikuwa ya kwaya.

"Sa-ma-ki-ni-ku-to-le-e," aliimba. "Nane?"

Nilihesabu. "Nane."

"Kumbe ni hivyo tu! Mbona hukuniambia ni wimbo?"

Tangu hapo mimi nilihesabu kwa vidole, naye akahesabu kwa makofi, na tulipotofautiana tulimwachia Tracy aamue. Mildred alinishinda mara mbili.

Ilipofika zamu ya upande wangu, nilitoa zile beti zangu za awali. Mildred aliomba asomewe. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwalimu, hizi ni za historia. Ziko sawa. Lakini mtoto anakula nini huku?"

"Sukuma wiki. Imepandwa uani."

"Basi andika sukuma."

Niliandika sukuma. Ubeti wa pili wa upande wangu Tracy aliutunga mwenyewe. Alisema anataka kuweka maneno ninayomwambia kila siku, na pale kwa Dani yawe maneno anayoambiwa na Dani. Aliponisomea kipande cha kwanza, *Huku, kosa rekebisha*, niliuliza kama kweli mimi husema hivyo kila siku. Tracy aliangalia penseli. Mildred aliangalia dari.

"Andika," nilisema.

Tulikula wale samaki na ugali saa ya mchana, mvua ikilipiga bati la jikoni tusisikilizane. Baada ya kula nafasi moja tu ilikuwa imebaki: korido. Mimi nilishauri pawekwe methali, kwa kuwa ninazijua nyingi na baadhi yake ni fupi. Mildred alitaka maua, kama yale yanayodariziwa kwenye vitambaa vya makochi.

"Hapana," alisema Tracy. "Hapo ni pangu. Nyinyi mko na milango. Mimi ndio hupita."

"Methali nzuri haijawahi kumdhuru mtu," nilisema, nikiwa nimekwisha kushika kalamu.

"Cucu, tafadhali. Ukiandika hapo, Mwalimu Nasike atasema tena hanisikii."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Ningalikuwa darasani ningaliandika. Mildred hakunigusa wakati huo, alisema tu, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Mwalimu, wacha mtoto apite."

Niliiweka kalamu mezani.

Tracy alifikiri muda mrefu. Alijaribu maneno kadhaa kwa midomo bila kuyatoa, akapiga makofi magotini, akafuta, akaandika. Kisha akachukua karatasi kubwa ya manila, akapiga mistari kwa rula, akanakili kazi yote kwa mwandiko wake: kushoto kwa kalamu nyeusi, kulia kwa kalamu nyekundu. Katika korido aliandika kwa rangi ya buluu, silabi moja mbele ya kila jozi ya milango, kutoka juu hadi chini, kama mfereji:

Sukuma iko uani — MI — Omena zinakauka
Na chai iko jikoni — MI — Mafuta yanachemka
Vitabu viko rafuni — NI — Redio inasikika
Cucu yuko mlangoni — WA — Dani naye anacheka

Huku, kosa rekebisha — PA — Kule, keti tuongee
Lililopinda nyoosha — NDE — Samaki nikutolee
Viatu vyako safisha — ZO — Wimbo wako tupokee
Na kulala, si kukesha — TE — Mgeni na asogee

Niliyapima yote. Vina vililingana. Milango ilikuwa kumi na sita, na hakuna hata mmoja uliotoboa ukuta.

"Nani alikufundisha kuweka nane hapo katikati?" nilimuuliza.

"Si vyumba ni nane?" alisema, akishangaa swali.

Nilimsindikiza Mildred mpaka langoni jioni. Matope yalikuwa yamefika kwenye kizingiti.

"Mama Dalmas, siku yako nzima imepotelea hapa. Nikulipe nini?"

"Ukitaja pesa nitakasirika."

"Sikutaja pesa."

"Basi sikiza. Huko kwetu, mtu akija kukulimia siku moja, na wewe unamlimia siku moja. Inaitwa saga."

"Kwetu ni ngwatio," nilisema. "Mama yangu alikuwa akitutoa shule kwa ajili hiyo."

"Kumbe tunajuana!" Alifungua mwavuli wake wenye ubavu uliovunjika. "Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi. Ukuje na leso usiyoipenda."

Jumatatu holi ya shule ilikuwa imejaa wazazi wenye viatu vya matope. Ukutani palikuwa na kila kitu: mpira, twiga, gunia la makaa, mti uliokosa majani kwa sababu mwandishi aliishiwa na maneno. La Tracy lilibandikwa karibu na dirisha, kati ya chapati na mbwa. Mbwa alikuwa wa Kinyanjui. Nilimsoma mbwa huyo. Mkia wake ulikuwa mzuri.

Kinyanjui mwenyewe, mvulana mwembamba mwenye tai iliyopinda, alikuja akasimama mbele ya ploti. Tracy alikuwa ameuegemea ukuta, mikono nyuma. Mimi na Mildred tulikuwa hatua chache kando, tukijifanya tunasoma chapati. Mildred alikuwa amenishika kiwiko, akikikaza zaidi kila Kinyanjui aliposogea.

Kinyanjui alisoma upande wa kushoto wote. Akasoma upande wa kulia wote. Akajaribu kusoma kwa kuvuka, akakwama.

"Hii unasoma aje?"

Tracy aliweka kidole juu ya korido. "Anza hapa. Shuka."

"Mi-mi-ni-wa-pa-nde-zo-te." Alirudi juu, akashuka tena, safari hii kwa haraka. Kisha akazitazama safu mbili kwa pamoja. "Kumbe uko na keja kumi na sita?" aliuliza, akimaanisha vyumba.

"Keja ni zao. Yangu ni korido."

"Mimi niko na moja tu," alisema Kinyanjui, na ilikuwa wazi kwamba hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo. Aliinama kwenye mstari wa mwisho. "Hapa imeandikwa mgeni asogee. Naeza kuja kula samaki?"

"Uliza Dani. Ndiye huyu."

Mildred aliachilia kiwiko changu. Alimtazama mtoto yule kuanzia viatuni hadi kwenye tai, nami nikaanza kuogopa.

"Ukuje na sahani yako," alimwambia. "Na unyooshe hiyo tai, hapa kuna Cucu."

Kinyanjui aliinyoosha. Halafu akageuka akamwita msichana aliyekuwa kwenye twiga: "Maggie, kuja uone ya Tracy. Unasoma ukipita."

Wakaja watoto watatu, kisha watano, kila mmoja akiweka kidole juu ya korido na kushuka. Kufikia saa sita rangi ya buluu ilikuwa imefifia kwenye silabi ya kwanza. Mwalimu Nasike alipita, akanisalimu, akasema, "Sasa nimemsikia." Nilimwambia kwamba hata mimi.

Jumamosi iliyofuata nilifika Lindi saa mbili kasoro, leso yangu kuukuu mkobani. Tracy alinitangulia kwenye vichochoro akinionyesha pa kukanyaga, na kila tulipopita alisalimiwa kwa jina. Nyumba ya Mildred ni chumba kimoja safi, kitanda nyuma ya pazia, na vitambaa vilivyodariziwa kila mahali penye nafasi ya kuweka kitambaa. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka mlangoni: karai, jiko la makaa, meza yenye wavu. Niliketi ndani nikanywa chai kwanza, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Kisha nikafunga leso, nikatoka nje kuwa mfanyakazi.

Alinipa kisu, beseni la samaki na kigoda. Nilianza kuparua magamba. Samaki wa kwanza aliniponyoka mara mbili na kuangukia gambuti la mteja.

"Mathe, huyo bado anaogelea," mteja alisema.

Kutoka kibanda cha pili Boaz, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, alinyoosha shingo. "Mildred! Umeandika mfanyakazi?"

"Huyu ni mwalimu. Ni mkwe wangu."

"Mwalimu anaparua samaki? Basi uchumi umeisha kabisa!"

"Wewe kaanga zako," Mildred alimjibu. "Jumamosi iliyopita ulikula yangu na yako."

Wateja wake walirudi, si wote lakini wengi. Wengine walikuja kwa sababu Boaz alikuwa amewatangazia kwamba kuna mwalimu anayeparua samaki, wakataka kujionea. Nilijibu maswali yao huku nikifanya kazi. Mchana Mildred alinipa zamu ya karai, akanisimamia nyuma. Niliunguza mmoja. Alimfunga katika gazeti akasema huyo ni wa chakula chetu cha mchana, na tukamla, sisi watatu, kwa ugali na sukuma niliyobeba kutoka uani kwangu.

Alasiri mawingu yalishuka. Mildred aliangalia juu, akaangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa imechubuka kwa miiba ya mapezi.

"Imetosha. Enda kabla mvua haijakukuta Kibera."

"Beseni halijaisha."

"Mwalimu, umefanya kazi. Sitasema hukufanya."

"Wewe ulikaa kwangu mpaka jioni," nilimwambia. "Nipe kisu."

Alinitazama kidogo, akanirudishia. Tracy alivuta turubai juu ya meza na kulifunga kwa kamba. Mvua ilipoanza kulipiga, niliketi tena kwenye kigoda, nikachukua samaki mwingine kwa mkia, nikaparua, nikamwosha, nikampitisha kwa Mildred, nikachukua mwingine, mpaka beseni likabaki na maji matupu.